Piano hupoteza sauti katikati tu: ni nini hasa kinachoshikilia nyuzi zake?

Mtunza_Kinanda aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa. Nimekabidhiwa utunzaji wa piano ya kusimama inayotumiwa na kwaya, chombo cha zamani kiasi lakini kisicho na ufa wala kutu ya kutisha, na ningependa kuelewa kinachoendelea ndani yake kabla sijamwita fundi tena. Fundi aliyeityuni mara ya mwisho alifanya kazi iliyomridhisha kila aliyeisikia. Miezi michache baadaye, majira yalipobadilika, sauti za katikati zilianza kuyumba, hasa zile zilizo chini kidogo ya do ya katikati, ilhali besi za mwisho kabisa na sauti nyembamba za juu kabisa zimebaki karibu pale pale alipoziacha.

Nilipoondoa ubao wa mbele niliona mambo ambayo sikuyaelewa. Vibonyezo ni 88, lakini nyuzi zinazidi 200. Nyuzi nene za besi zimepita kimshazari mbele ya nyuzi nyingine badala ya kushuka wima. Na kila uzi umezungushwa kwenye kigingi cha chuma ambacho, kwa kadiri nilivyoweza kuona, hakina nati, skrubu wala kifungo chochote cha kukizuia kisirudi nyuma. Je, vigingi hivyo hushikwa na nini? Na je, kuharibika kwa sauti za katikati ni dalili kwamba vimelegea, au kwamba fundi hakuvikaza vya kutosha? Wapo wanakwaya wanaosema hivyo, nami sipendi kumlaumu mtu kwa jambo nisilolijua.

Nyundo_na_Felti alijibu:

Ndugu Mtunza, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulaumu, kwa sababu maelezo yako hayafanani na ya vigingi vilivyolegea. Nianze na mpangilio wa nyuzi, maana ndani yake ndimo lilimo jibu la mengine.

Sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, uzito wake kwa kila sentimita, na mkazo unaouvuta. La ya chini kabisa katika piano hutetemeka mara 27.5 kwa sekunde, na do ya juu kabisa hutetemeka takriban mara 4,186, yaani mara 152 zaidi. Uzi wa do hiyo ya juu una urefu wa sentimita tano hivi. Kama mtengenezaji angetaka kuufikia mwisho wa besi kwa kurefusha uzi peke yake, bila kubadili unene wala mkazo, angehitaji uzi wa zaidi ya mita saba na nusu, na hakuna ukumbi unaotaka chombo cha namna hiyo. Kwa hiyo besi huongezewa uzito: kiini cha chuma kigumu huzungushiwa waya wa shaba nyekundu, na kwa sauti za chini kabisa shaba hiyo huwa nene mno. Shaba husongwa kwa mzunguko badala ya kutumiwa uzi mmoja mnene wa chuma kwa sababu uzi mnene usiosongwa huwa mgumu kupinda, na sauti yake huwa mbaya.

Uzi mnene wa besi una nguvu ya kutosha ukiwa peke yake. Uzi mwembamba hauna. Ndiyo maana sauti za chini kabisa zina uzi mmoja mmoja, zinazofuata zina nyuzi mbili mbili, na kuanzia sehemu ya katikati hadi juu kila sauti ina nyuzi tatu zinazopigwa na nyundo moja kwa wakati mmoja. Jumla hufika nyuzi 230 hivi, ikitofautiana kidogo kutoka piano moja hadi nyingine. Kila uzi huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 hadi 90, na ukijumlisha zote utapata mkazo wa tani 18 hivi zinazojaribu kukikunja chombo katikati usiku na mchana.

Hakuna fremu ya mbao inayoweza kustahimili mzigo huo. Piano za Bartolomeo Cristofori, aliyebuni chombo hiki huko Florence karibu na mwaka 1700, zilikuwa na nyuzi mbili tu kwa kila sauti, nyembamba na zisizokazwa sana, na mbao zilitosha. Kadiri wanamuziki walivyodai sauti kubwa ndivyo nyuzi zilivyonenepa, hadi mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipopata hataza ya fremu ya chuma cha kusubu iliyomiminwa kipande kimoja. Lile bamba kubwa la rangi ya dhahabu uliloliona nyuma ya nyuzi ni mjukuu wa fremu hiyo.

Kuhusu besi kupita kimshazari: kampuni ya Steinway ilipata hataza ya mpangilio huo kwa piano za kulala mwaka 1859, na leo karibu kila piano, ya kulala au ya kusimama, imeufuata. Mshazari ni mrefu kuliko wima, kwa hiyo besi hupata urefu zaidi ndani ya kasha lile lile. Faida ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya kwanza, ni kwamba daraja la besi, yaani kipande cha mbao kinachopitisha mtetemo wa nyuzi hadi kwenye ubao wa sauti, ule ubao mpana unaoikuza sauti, husogea kutoka pembeni mwa ubao huo, palipo pagumu, na kuelekea ndani ambako ubao unaweza kutetemeka kwa uhuru zaidi.

Sasa fuata uzi mmoja kwa macho kutoka juu. Umezungushwa kama mara tatu kwenye kigingi, kisha unashuka chini ya kipande cha chuma kinachoukandamiza na kuamua mahali unapoanza kutoa sauti. Baada ya hapo ni ile sehemu inayoimba, hadi kwenye daraja la mbao lililogundishwa juu ya ubao wa sauti. Hapo juu ya daraja uzi hupita kati ya pini mbili zilizopishana, kwa hiyo hulazimika kupinda kidogo kwenda upande na kuegemea daraja kwa uthabiti. Mwisho hushika pini iliyo kwenye fremu. Ukichungulia chini utaona kwamba katika sehemu kubwa ya piano waya mmoja huizunguka pini hiyo na kurudi juu kuwa uzi wa pili, kwa hiyo nyuzi mbili jirani mara nyingi ni waya mmoja. Hazivutani sauti, kwa sababu msuguano kwenye pini unatosha kuzitenganisha. Lakini siku mmoja ukikatika, zote mbili huondoka.

Na vigingi? Nyuma ya fremu kuna ubao mzito uliotengenezwa kwa matabaka ya mbao ngumu, kila tabaka likielekeza nyuzinyuzi zake upande tofauti na lenzake. Kigingi, chenye kipenyo cha milimita saba hivi, hupigiliwa ndani ya tundu jembamba kuliko chenyewe. Huwa na hesi laini mno juu yake, lakini hizo si za kukifunga. Humsaidia tu fundi kukitoa. Kinachokishika ni msuguano wa mbao peke yake.

Ubao_wa_Sauti alijibu:

Naongezea pale mwenzangu alipoishia, kwa sababu swali la ndugu Mtunza kuhusu katikati bado halijajibiwa.

Ubao wa sauti hutengenezwa kwa mbao nyepesi za miti ya jamii ya misonobari, unene wake ukiwa chini kidogo ya sentimita moja, na haukai bapa. Umevimbishwa kidogo upande wa nyuzi, na mbavu zilizogundishwa nyuma yake husaidia kuutunza uvimbe huo. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na zinapounywa hutanuka zaidi upande unaokatiza nyuzinyuzi kuliko upande unaozifuata. Kwa kuwa kingo za ubao zimebanwa na mbavu hazitanuki sawa nao, ubao hauna pa kwenda ila kuvimba zaidi. Daraja lililo juu yake husukumwa kuelekea nyuzi, mkazo huongezeka, na sauti hupanda. Hewa ikikauka, ubao hunywea, daraja hurudi nyuma na sauti hushuka. Hakuna kigingi kilichosogea hata kidogo, na bado piano imeharibika sauti.

Kwa nini katikati? Ubao hauendi sawa kila mahali. Nyuzi za juu kabisa zimeegemea daraja karibu na ukingo, mahali ambapo ubao umebanwa na hausogei sana. Besi zina daraja lake lenyewe, na nyuzi zake ni ndefu na zimenyooshwa vya kutosha, hivyo kusogea kidogo kwa daraja huzibadilisha kidogo tu. Baina ya hizo mbili kuna nyuzi za chuma kitupu zilizo kwenye mwisho wa chini wa daraja refu, lile la nyuzi zisizo za besi, ambazo mara nyingi hukazwa chini ya jirani zake kwa sababu mtengenezaji amekosa urefu wa kutosha. Uzi uliovutwa kidogo huathirika zaidi na badiliko lile lile. Sehemu hiyo ndiyo hasa uliyoitaja, chini kidogo ya do ya katikati, na ndiyo sehemu ambayo kila piano ya kusimama hulalamika kwanza.

Kipo kipimo rahisi cha kutofautisha kosa la kigingi na kazi ya hewa. Muulize yeyote anayekumbuka: sauti zilishuka au zilipanda? Kigingi kilicholegea hushusha sauti tu. Hakiwezi kuipandisha hata siku moja. Aidha, vigingi havilegei kwa mpangilio. Utakuta uzi mmoja hapa umeanguka vibaya, mwingine kule umeanguka, na majirani zake wako salama. Hewa ndiyo inayohamisha sauti 20 au 30 zilizofuatana kuelekea upande mmoja, na kuzirudisha majira yanapogeuka.

Besi_ya_Pili alijibu:

Nakubaliana na yaliyosemwa, ila ningependa kumtetea kigingi kidogo, maana nimeona hoja ya unyevu ikitumiwa kuficha piano mbovu. Ubao wa vigingi nao ni mbao. Ukikaushwa kupita kiasi kwa miaka mingi, matundu hupanuka na matabaka huweza kupasuka, na hapo hakuna tyuni inayodumu. Fundi hulitambua hilo mkononi, kwa kuhisi jinsi ufunguo wake unavyokataliwa au kukubaliwa: kigingi kizuri hugoma kisha kikaenda, kibovu huzunguka kwa ulaini unaokosesha raha. Tiba zipo za aina mbalimbali, kuanzia gundi nyepesi sana inayodondoshwa kuzunguka kigingi ili ilowe ndani ya mbao, hadi kukitoa na kuweka kinene zaidi. Usikubali mtu apake mafuta au chochote chenye kuteleza juu ya vigingi.

Jambo jingine ambalo halijasemwa ni mkono wa fundi. Uzi una vipande vitatu vyenye mkazo: kati ya kigingi na kikandamizio, ile sehemu inayoimba, na kipande kifupi nyuma ya daraja. Katika kila kona kuna msuguano. Fundi akikivuta kigingi, kipande cha kwanza hukazika mapema kuliko kingine, na kigingi chenyewe hujisokota kidogo ndani ya mbao kabla mguu wake haujazunguka. Asiye mzoefu huacha mara tu sikio linapokubali, huku kigingi kikiwa bado kimesokotwa; nyundo zikipiga siku mbili tatu, mkazo hugawanyika upya na sauti huondoka. Mzoefu huipandisha sauti juu kidogo kuliko inavyotakiwa, huirudisha taratibu, kisha hupiga kibonyezo kwa nguvu mara kadhaa ili kila kipande kifikie usawa mbele yake. Kwa hiyo tyuni ikiharibika ndani ya wiki moja, muulize fundi. Ikiharibika baada ya miezi, majira yakiwa yamegeuka, angalia hewa.

Mtunza_Kinanda aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeuliza, na jibu ni kwamba katika majira yaliyopita yenye unyevu sehemu ile ile ya katikati ilikuwa imepanda, na sasa hewa imekauka imeshuka, zote kwa pamoja. Nimewaeleza wanakwaya wenzangu.

Limejitokeza jambo la pili. Mwalimu wetu aliipima piano kwa programu ya simu, akakuta kwamba hata zile sehemu zisizoyumba ziko chini ya kipimo cha kawaida kwa karibu senti 40. Inaelekea fundi aliityuni kwa kuilinganisha na yenyewe, ikapatana ndani yake, lakini haikufika 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde kwa la iliyo juu ya do ya katikati. Sasa tunataka kuimba pamoja na wapiga tarumbeta, na wao hawawezi kutufuata chini. Je, inaweza kupandishwa kwa siku moja? Na je, mwalimu akinunua ufunguo wa kutyunia anaweza kufuata programu hiyo, kibonyezo baada ya kibonyezo?

Nyundo_na_Felti alijibu:

Senti 100 ni nusu toni moja, kwa hiyo mmepungukiwa na karibu nusu ya nusu toni, na fundi wenu huenda aliiacha hapo kwa makusudi ili asizishtue nyuzi za zamani. Si uzembe. Tazama mzigo wenyewe: ili kupandisha sauti kwa asilimia moja, mkazo lazima uongezwe kwa karibu asilimia mbili. Senti 40 ni asilimia 2.3 hivi ya mitetemo, yaani asilimia 4.7 ya mkazo, na katika tani 18 hiyo ni nyongeza ya kilo 800 na ushei juu ya fremu, daraja na ubao wa sauti.

Kwa kuwa nyuzi zote zimeegemea ubao mmoja unaobonyea, huwezi kuupandisha mmoja bila kuwalegeza wenzake. Utakapofika mwisho wa piano, sauti ulizoanza nazo zitakuwa zimeshuka tena. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa awamu. Awamu ya kwanza ni ya haraka na isiyotafuta usafi: sauti hupitishwa juu ya lengo kwa takriban robo ya upungufu, kwenu ni kama senti 10 katika sehemu ya katikati na pungufu ya hapo kwenye besi, kwa kutarajia kwamba zitazama zenyewe. Tyuni ya makini hufuata baadaye, na ni busara kuirudia baada ya wiki chache, kwa sababu chombo huendelea kutulia. Nyuzi zenye kutu hulegezwa kwanza kidogo sana, ili kutu iliyozishikamanisha na kikandamizio iachie, ndipo zivutwe. Hata kwa uangalifu huo uzi unaweza kukatika, na fundi mwaminifu atawaambia hivyo kabla ya kuanza.

Kuhusu programu, shida kubwa si simu. Nyuzi za chuma zina ugumu, na ugumu huo hufanya zile sauti ndogo za juu zinazoambatana na sauti ya msingi ziwe juu kidogo kuliko hesabu inavyotaka. Fundi anapolinganisha oktava, hulinganisha sauti hizo ndogo na za kibonyezo cha juu yake. Matokeo yake ni kwamba piano iliyotyuniwa vizuri hunyooshwa: besi ziko chini kidogo ya hesabu na sauti za juu ziko juu kidogo ya hesabu, jambo ambalo mwanafizikia O. L. Railsback alilionyesha kwa vipimo mwaka 1938. Kiasi cha kunyoosha hutofautiana kwa kila piano, na huwa kikubwa zaidi katika piano fupi kwa sababu nyuzi zake ni fupi na nene. Programu ya gitaa inayofuata jedwali moja lisilobadilika itawapa oktava zisizopendeza, hata kama mshale wake umesimama katikati kila mara. Zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili ya piano, ambazo husikiliza kwanza nyuzi za chombo chenyewe ndipo zikakokotoa. Mafundi wengi huzitumia bila aibu.

Hata hivyo, hakuna programu inayokaza kigingi kikakaa. Mwalimu akitaka kujifunza, na aanze na kazi moja tu: kulinganisha nyuzi tatu za sauti moja. Afunge mbili kwa kabari ya felti, aache ule ambao fundi ameukubali, kisha afungue wa pili na kusikiliza lile wimbi linaloyumba baina yao. Wimbi likipungua kasi, zinakaribiana, likitoweka, zimekutana. Asiguse kigingi ambacho hajahakikisha ni cha uzi gani, kwa sababu uzi ukatikao mara nyingi ni ule ambao mtu alikuwa akiuvuta huku akisikiliza mwingine na kushangaa kwa nini haubadiliki.

Ubao_wa_Sauti alijibu:

Msiipandishe sasa. Hewa yenu imekauka na ubao umenywea; mkiipandisha kufikia 440 leo, majira ya unyevu yataipeleka juu ya hapo, na mzigo wa ziada utaangukia nyuzi hizo hizo za zamani. Subirini hewa itulie katika hali ambayo hudumu kwa muda mrefu zaidi wa mwaka, ndipo mwite fundi, na tangu hapo ityuniwe katika vipindi vile vile kila mwaka ili ilinganishwe na hali inayofanana.

Wekeni kipima unyevu karibu na piano, si ukutani mbali nayo. Kati ya asilimia 40 na 50 ni pazuri, lakini piano iliyo kwenye asilimia 60 isiyobadilika itashika sauti kuliko ile inayopanda na kushuka kila mwezi. Iondoeni mbele ya dirisha linalopigwa na jua, na mbali na feni au kiyoyozi kinachoipulizia moja kwa moja. Joto la ghafla, kama la taa kali za jukwaani, hulegeza nyuzi ndani ya dakika chache bila kungoja mbao, kwa hiyo kama mtaimba na tarumbeta chini ya taa hizo, ziwashwe mapema na fundi afanye kazi zikiwa zinawaka.